Ganzi inayobaki baada ya tiba ya saratani: Udhu, Sala na haki za mgonjwa nyumbani

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.T.), Mola aliyeteremsha maradhi na akateremsha dawa yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, siku chache zilizopita alinijia kijana mmoja baada ya Sala ya Alasiri akiwa na suala linalomhusu mama yake. Mama huyo, mwenye umri wa miaka hamsini na ushei, alimaliza dripu za saratani ya titi miezi minne nyuma. Familia ilimshukuru Mola, mbuzi akachinjwa, maulidi yakasomwa, majirani wakaja kupongeza. Lakini tangu hapo mama anaangusha vikombe, hawezi kufunga vifungo vya gauni lake, na akisimama kusali anayumba kama mtu aliye juu ya jahazi. Akitia udhu hajui kama maji yamefika vidoleni au hayajafika, basi hurudia mara tatu, mara tano, mpaka wakati unakaribia kutoka. Siku za karibuni ameanza kuziacha baadhi ya Sala huku akilia, akisema udhu wake haushiki. Na mumewe anasema: daktari amekwambia umepona, sasa huu ni uvivu.

Kijana aliuliza kama udhu wa mama yake ni sahihi, na kama mama ana dhambi anaposali amekaa. Suala lake si la nyumba moja. Wagonjwa wanaotibiwa saratani nchini wanaongezeka, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Bugando, KCMC na kwingineko, na alhamdulillahi wapo wengi wanaorejea majumbani wakiwa hai. Wanarejea kwetu, na sisi hatujui ni nini walichorudi nacho. Kwa hiyo nimeona jawabu hili niliandike hapa, nikianza na maradhi yenyewe, kwa sababu kanuni ya wanazuoni ni kwamba kulihukumia jambo ni tawi la kulifahamu.

Dawa za saratani, ambazo wagonjwa wengi huziita kemo na wataalamu wa lugha huziita tibakemikali, kwa jumla hushambulia seli zinazozaliana kwa kasi. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, mdomo hupata vidonda na damu hupungua. Hayo watu wameyazoea, na baada ya tiba aghalabu hurekebika. Lakini baadhi ya dawa hizo hudhuru pia mishipa ya fahamu, na mishipa hiyo haioti upya kama nywele. Miongoni mwake ni paklitakseli na dosetakseli, zinazotumika sana kwa saratani ya titi. Kuna sisplatini, ambayo hutolewa pamoja na mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi, na oksaliplatini ya saratani ya utumbo mpana. Kuna vinkristini, ambayo watoto wengi wenye saratani za damu na za tezi hupewa. Si kila mgonjwa hupata dawa hizi, na si kila anayezipata hudhurika kwa kiwango kimoja. Mwenye kisukari, au mwenye ganzi ya tangu zamani kwa sababu nyingine, yuko katika hatari zaidi, naye amweleze daktari kabla ya dripu ya kwanza.

Tuzingatie maumbile ya Mwenyezi Mungu. Mshipa wa fahamu unaofika kwenye kidole gumba cha mguu, mwanzo wake ni seli iliyo pembeni mwa uti wa mgongo, sehemu ya kiuno. Kutoka hapo unateremka pajani, gotini, mpaka wayoni, urefu wa takriban mita moja, nao ni mwembamba kuliko unywele. Ndani yake mna vijinjia vinavyosafirisha chakula na vitu vya kukarabatia kutoka kwenye seli hadi ncha ya kidole. Paklitakseli hufanya kazi kwa kuvigandisha vijinjia vya namna hiyo ndani ya seli za saratani ili zisigawanyike, lakini haichagui, huvigandisha na vile vya mshipa wa fahamu. Sisplatini na oksaliplatini huidhuru zaidi ile seli ya mwanzo, pembeni mwa uti wa mgongo. Mishipa mirefu ndiyo huumia kwanza. Kwa hiyo ganzi huanza vidole vya miguu, ikapanda wayoni, na vidole vya mikono vikafuata, mpaka mgonjwa akawa kama aliyevaa soksi na glavu asizoweza kuzivua. Wengine husikia ganzi tupu. Wengine husikia nyayo zinawaka moto usiku, au sindano zinachomachoma, au sisimizi wanatembea chini ya ngozi.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014, uliokusanya tafiti 31 zenye wagonjwa zaidi ya 4,000 waliopewa dawa za aina hii, ulionesha kuwa katika mwezi wa kwanza baada ya tiba kiasi cha asilimia 68 walikuwa na madhara haya. Baada ya miezi mitatu walikuwa asilimia 60, na baada ya miezi sita na kuendelea walikuwa asilimia 30. Maana yake ni kuwa wengi hupata nafuu kidogo kidogo, lakini wapo ambao hubaki nayo kwa miaka. Jambo ambalo familia nyingi hazilijui ni kwamba kwa dawa zenye asili ya madini ya platini, yaani sisplatini na oksaliplatini, ganzi inaweza kuendelea kuzidi kwa miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Mgonjwa anaposema, “Nimemaliza dawa lakini miguu inazidi,” hasemi uongo, wala si lazima saratani iwe imerudi.

Hapa pana tahadhari moja. Ganzi inayopanda kwa haraka, miguu inayolegea ghafla, mkojo au choo kushindwa kuzuilika, au maumivu mapya ya mgongo, hayo si mambo ya kusubiri. Huenda uti wa mgongo unabanwa. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tuangalie ganzi hii inafanya nini ndani ya nyumba. Mikono yetu hufanya mambo mengi bila sisi kuyafikiri. Kuchambua mchele, kupachika uzi katika tundu la sindano, kuhesabu noti, kufunga kamba ya kiatu, kubonyeza simu, kupekua kurasa za msahafu, kuhesabu tasbihi, vyote hivi vinategemea ncha za vidole. Zikifa ganzi, mama anayejipatia riziki kwa kushona kofia za mkono au kusuka ukili hukosa kipato chake, hata kama uso wake una nuru na mwili umenawiri. Jikoni hatari ni kubwa zaidi. Atashika sufuria iliyo motoni asijue mpaka anuse harufu ya ngozi inayoungua. Atajikata na kisu, au akune nazi mpaka damu iingie katika machicha, ndipo atambue.

Na miguu nayo ina kazi yake. Nyayo ndizo zinazouambia ubongo kuwa hapa pana mteremko, hapa pana ngazi, hapa pana utelezi. Habari hizo zikikatika, mtu hutegemea macho. Mchana anakwenda vizuri, lakini usiku umeme ukikatika anaanguka akielekea chooni. Utafiti mmoja wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2017 na kuhusisha wanawake 512 waliowahi kuugua saratani, uligundua kuwa kwa wastani wa miaka sita baadaye asilimia 47 bado walikuwa na dalili hizi. Ilibainika pia kuwa uwezekano wao wa kuanguka ulikuwa mara 1.8 ya wenzao wasio nazo. Kuanguka kwa mtu wa makamo si jambo dogo. Nyonga ikivunjika, nyumba nzima inalala hospitali.

Watoto wana habari yao. Nchini Uganda, daktari Denis Burkitt aliyekuwa katika Hospitali ya Mulago aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake, na vinkristini imekuwa miongoni mwa dawa zake kwa miongo mingi. Mtoto anayeipata anaweza kuanza kujikwaa, akaburura ncha za miguu, akashindwa kupanda ngazi, au akafunga choo siku nyingi. Atarudi madrasa, na herufi alizokuwa akiziandika vizuri ubaoni sasa zitakwenda mrama. Nawanasihi maalimu wenzangu: kabla hujamnyanyulia bakora mtoto kwa hati mbaya, uliza alikuwa wapi mwaka jana.

Na kwa kuwa limetajwa jina la dawa hiyo, niwajibu wale wanaowaambia wagonjwa waache sumu za hospitali warudi kwenye miti ya Mwenyezi Mungu. Vinkristini yenyewe imetokana na mmea ambao asili yake ni Madagascar, wenye maua madogo ya waridi au meupe, ambao hapa kwetu pwani hupandwa mbele ya nyumba kama pambo. Paklitakseli nayo ilipatikana kwanza katika gome la mti unaoota magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Kwa hiyo ni miti ya Mwenyezi Mungu. Tofauti ni kwamba hospitali inajua kipimo chake. Asije mtu akachuma maua yale akayachemsha, kwani ni sumu kweli kweli.

Turudi kwa mume aliyesema ni uvivu. Ganzi haina kidonda cha kuonesha wala haina homa ya kupimwa, na anayeugua maradhi yasiyoonekana hukutwa na mitihani miwili, wa maradhi na wa kutosadikiwa. Mitaani wapo wanaosema ni jini amemkalia miguuni, na wapo wanaomwambia ajikaze. Ndugu yangu mume, Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 19, amekuamrisha ukae na mkeo kwa wema, na wema huo haukuwekewa sharti la yeye kuwa mzima. Mama wa Waumini Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na ikifika Sala hutoka. Hadithi hii ni ya Bukhari.

Na katika mwaka wa pili wa Hijra, Waislamu walipotoka kwenda Badr, Ruqayya binti wa Mtume (S.A.W.) alikuwa mgonjwa. Mumewe, Uthman bin Affan (R.A.), aliamrishwa abaki kumuuguza, na Mtume akamuahidi malipo na fungu la ngawira sawa na aliyehudhuria vita. Tafakari, ewe mume. Badr ndiyo vita iliyo bora kuliko zote katika Uislamu, na mtu mzima mwenye nguvu akaambiwa akae nyumbani na mkewe mgonjwa, kisha akahesabiwa kuwa miongoni mwa watu wa Badr. Basi kukufungia vifungo mkeo, kumchotea maji na kumsongea ugali siku ambayo mwiko haushikiki, hakupunguzi uanaume wako.

Sasa tuingie katika hukumu, na nitafuata zaidi madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika mwambao huu.

Kwanza, kuhusu udhu. Faradhi ya udhu ni maji kufika kwenye kiungo. Haikuwa sharti hata siku moja kwamba mwenye kutia udhu ayahisi. Aliyekufa ganzi vidole atumie macho badala ya mguso. Akiona maji yametiririka juu ya mguu na kupita baina ya vidole, au ikamjia dhana yenye nguvu kuwa yamefika, udhu wake umetimia wala hana haja ya kurudia. Kuzidisha juu ya mara tatu ni makruhu kwa mtu mzima, sembuse kwa mgonjwa anayejichosha. Huo ni wasiwasi, na dawa ya wasiwasi ni kutoufuata. Bali kutazama huku kuna faida nyingine: asiyehisi miguu yake anatakiwa na madaktari aikague kila siku, asije akawa na mchubuko au mwiba uliozama bila kujua. Anayetia udhu akitazama nyayo zake atakuwa ameyapata yote mawili.

Akishindwa kufungua bomba au kuinua kopo, fuqaha wa Kishafii wanasema ni wajibu wake kutafuta wa kumsaidia, hata kwa ujira kama anao uwezo. Msaidizi atamwagia maji na kumsugulia, na nia itakuwa ya mgonjwa mwenyewe. Asipompata mtu, hapo ndipo hutayamamu. Katika kustanji, mwenye haki ya kwanza ya kumsaidia ni mume kwa mkewe na mke kwa mumewe, kwa kuwa baina yao hapana pazia la uchi. Hili watu wanaona haya kulisema, na kwa haya hiyo wazee wetu hukaa na najisi siku nzima.

Pili, kuhusu maji baridi. Mgonjwa wa oksaliplatini ana hali ya pekee. Katika saa na siku za mwanzo baada ya kila dripu, baridi yenyewe humdhuru. Akigusa maji ya baridi vidole humchoma kama umeme, na akinywa maji ya friji koo humkaba mpaka akadhani hapumui. Huyu akiamka alfajiri huko Lushoto au Mbeya, akaambiwa kuwa thawabu ziko katika maji baridi, atakuwa ameoneshwa njia isiyo yake. Wajibu wake ni kupasha maji yawe vuguvugu, na wajibu wa familia ni kumwekea chupa ya maji moto tangu usiku. Lakini ayapime mtu mwingine, au ayapime mwenyewe kwa kiwiko, asitumie mkono wenye ganzi. Anaweza pia kuvaa khofu za ngozi baada ya udhu kamili na kupangusa juu yake kwa muda wa mchana na usiku wake, hiyo ikiwa ni ruhusa ya mkazi, nayo itampunguzia kuosha miguu mara tano.

Na akikosa maji ya moto, akachelea madhara kwa uzoefu wake au kwa kauli ya daktari mwaminifu, atatayamamu kwa udongo safi wenye vumbi. Sahaba Amr bin Al-Aas (R.A.), katika msafara wa Dhatus Salasil mwaka wa nane wa Hijra, alipatwa na janaba katika usiku wa baridi kali. Akachelea kuangamia iwapo ataoga, akatayamamu na kuwasalisha wenzake Alfajiri. Walipomshitaki kwa Mtume (S.A.W.), Amr alitoa hoja kwa aya inayokataza watu kujiua nafsi zao. Mtume akacheka wala hakusema neno. Ameipokea Abu Daud. Ni kweli kwamba wanazuoni wetu humtaka mtu mzima aliyetayamamu kwa sababu ya baridi tu airudie Sala yake. Lakini ambaye maji yanamdhuru kwa maradhi harudii.

Upande wa pili wa kisa hicho nao uko kwa Abu Daud, katika riwaya ya Jabir (R.A.). Mtu mmoja alijeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, nao wakamjibu kuwa hawaoni ruhusa kwake na ilhali maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alighadhibika, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na kwamba asiyejua tiba yake ni kuuliza. Wale walikuwa watu wa kheri, hawakumtakia mwenzao shari. Walimtolea fatwa ya mtu mzima naye alikuwa mgonjwa, kama wanavyofanya leo wale wanaomwambia mgonjwa wa ganzi kwamba Uislamu hauna visingizio.

Tatu, kuhusu kusimama. Imran bin Husein (R.A.) alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya Sala, akaambiwa asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Imo katika Bukhari. Mwenye ganzi ya nyayo akiweza kusimama kwa kuegemea ukuta au fimbo, na asimame. Akihofia kuanguka, au kusimama kukampa mashaka makubwa yanayomwondolea unyenyekevu, atakaa, na thawabu zake hazipungui. Hali inaweza kubadilika ndani ya Sala moja: anayeweza kusimama salama lakini hawezi kuinuka kutoka chini atahirimia kwa kusimama, kisha ataketi kitini kwa rukuu na sijda, sijda akiiinamia zaidi kuliko rukuu. Aliye na uwezo wa kusujudu chini hafai kusujudu kitini kwa ajili ya wepesi tu, na hili tunaliona sana misikitini siku hizi.

Wengi huuliza kuhusu vidole vya miguu katika sijda, kwa kuwa kuviweka chini ni katika nguzo zake na wao hawavihisi. Jawabu ni lile lile la udhu. Kilichotakiwa ni kuviweka, na akishindwa kuvikunja basi huwekwa kama vilivyo.

Nne, kuhusu nyakati. Kama kujiandaa kwa kila Sala kunamtesa, kujumuisha Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, kwa sababu ya maradhi kumeruhusiwa na Imam Ahmad. Mashuhuri kwetu Mashafii ni kuzuia, lakini Imam Nawawi, aliye nguzo ya madhehebu, ameipa nguvu kauli ya kuruhusu. Mgonjwa anayeihitaji asione tabu kuichukua, ila asiifanye mazoea akipata nafuu. Kuziacha Sala, kama alivyoanza yule mama, hakuna aliyekuruhusu. Akili ikiwapo, Sala ipo, na mlango wake umefunguliwa kwa kila hali aliyonayo mja.

Kwa upande wa tiba, la muhimu kuliko yote ni kusema mapema. Katika kila mzunguko wa dripu mgonjwa amweleze daktari au muuguzi: vidole vinakufa ganzi, ninashindwa kufunga vifungo, ninajikwaa. Daktari anaweza kupunguza kipimo, kuchelewesha dripu au kubadilisha dawa kabla madhara hayajawa ya kudumu. Wapo wagonjwa wanaonyamaza kwa kuogopa kukatiziwa dawa, na wapo wanaoacha wenyewe bila ya kumwambia mtu. Wote wawili wanajidhulumu. Kwa wenye maumivu makali kuna dawa iitwayo duloksetini, ambayo ndiyo pekee iliyopendekezwa na madaktari wa saratani wa Marekani katika mwongozo wao wa mwaka 2014, wakaurudia mwaka 2020. Hupunguza maumivu kwa baadhi ya watu, na huandikwa na daktari tu. Mwongozo huo haukupendekeza dawa wala vitamini yoyote ya kuzuia ganzi isitokee, na kirutubisho kimoja, asetili-L-kanitini, kilionekana kuizidisha. Basi asikuuzie mtu mikebe mtaani kwa mali yako ya matibabu. Mazoezi ya miguu na ya mizani, chini ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yana kheri kwa wengi.

Sunna ya kuumika haina shaka kwetu, wala habasoda na asali. Lakini aliye katikati ya dripu chembe zake nyeupe zimepungua na damu yake huenda haigandi upesi. Chale juu ya mwili huo zinaweza kumletea uambukizo wa kumwua, kwa hiyo asiumike mpaka daktari wake aseme damu imerudi. Na wanaowakanda nyayo zilizokufa ganzi kwa matofali ya moto au kuzitia katika maji yanayotoka jikoni, wanaziunguza wala hawajui, kwa kuwa mwenye miguu hatalia.

Nyumbani yapo mambo ya gharama ndogo. Weka taa au tochi karibu na kitanda, na ondoa mazulia na waya zinazotegua njiani. Badala ya kandambili avae viatu vilivyofungwa nyuma, na kabla ya kuvivaa akung'ute ndani yake, kwa sababu kokoto hataihisi. Vifungo vya gauni vibadilishwe kwa zipu au gundi ya kubandika. Kikombe kiwe chenye mkono mpana, chai isijae, na jiko la mkaa limwachie mwingine.

Kwa ndugu zangu wa kamati za misikiti, leo ni Ijumaa na jua la saa sita na nusu linaiva juu ya saruji ya uwanja. Watu huvua viatu mbali na mlango wakakimbia juu ya sakafu ile kwa sababu inachoma. Asiye na hisia hakimbii, bali atatembea polepole, na jioni ataona malengelenge. Tandikeni busati kutoka mahali pa viatu hadi mlangoni, wekeni chuma cha kujishikia penye bomba za udhu, na viti viwili vitatu mwishoni mwa safu, karibu na nguzo. Mgonjwa ana udhuru wa kutohudhuria Ijumaa, lakini akija na apite salama. Na mtu akimwona ameingia na soksi miguuni asimzuie, kwa kuwa soksi safi hazibatilishi Sala, naye asali nazo.

Wallahu aalam.